Heko kwa Wanaokuja Kufungua

Mwenye pikipiki nzima ana usafiri. Mwenye pikipiki iliyofunguliwa ana watu. Usafiri huku Temeke si kitu cha kujivunia, ukitoa kichwa nje ya geti tu, kijana wa bodaboda keshakuita, "Mzee, twende." Lakini watu wazima saba, wenye kazi zao na familia zao, wanaotoka Mwananyamala, Kinondoni Mkwajuni, Mtoni Kijichi na Yombo Vituka kila Jumamosi kuja kukaa kwenye ua wako bila kuitwa, hao huwapati kwa fedha. Mimi ninao. Nimeona niwaandikie sifa zao wangali hai, kwa kuwa magazeti yetu humsifu fundi, humsifu mfadhili, humsifu hata diwani, ilhali mtu anayekuja kusaidia kutengeneza pikipiki ya mwenzake hajawahi kupata hata aya moja.

Pikipiki yenyewe ni BSA Bantam ya toleo la kwanza, D1, sisi 123, gia tatu, iliyoundwa Birmingham. Babu aliinunua enzi za mkonge, alipokuwa karani wa shamba kule Korogwe, na alipofariki ikaletwa Dar es Salaam juu ya lori la machungwa ya Muheza. Rangi yake ni kijani kilichopauka, na ubavuni mwa tangi amechorwa jogoo. Wahenga walisema jogoo wa shamba hawiki mjini. Huyu ni mtiifu kwa wahenga: tangu ashushwe kwenye lori hajawika.

Sioni haya kusema kwamba mkoa mzima hauna chombo cha moto chenye tabia njema kama hiki. Hakijapita taa nyekundu pale Tazara. Hakijaingia kwenye njia ya mwendokasi. Hakijapakia mshikaki, hakijapandisha matairi kwenye njia ya waenda kwa miguu, hakijamdai abiria buku tano mahali pa buku. Sheria ya Usalama Barabarani ilipitishwa mwaka 1973, na sidhani kama imewahi kupata mfuasi wa namna hii. Halafu kuna suala la moshi. Injini yake ni ya kuchanganya oili na petroli, zile zilizokuwa zikitoa moshi wa buluu mtaa mzima ukajua nani anarudi nyumbani. Wenzetu wanahangaika na pikipiki za umeme ili wapunguze moshi mjini. Sisi tumeufikisha sifuri bila hata betri. Na mafanikio yote haya si yangu, wala si ya babu, ambaye kwa taarifa nilizonazo aliiendesha kila siku hadi Mombo bila kujali. Ni ya marafiki.

Ukifuata ukoo wa pikipiki hii utaona kwamba ilizaliwa kutokana na msaada wa aina hiyohiyo. Mwaka 1939, katika mji wa Zschopau nchini Ujerumani, kiwanda cha DKW kilitoa pikipiki ndogo iliyoitwa RT 125, kazi ya mhandisi Hermann Weber. Ilikuwa nyepesi, rahisi, na vitu vya kuharibika ndani yake vilikuwa vichache. Vita vilipokwisha mwaka 1945, mataifa yaliyoshinda yakaja kusaidia. Waingereza walichukua michoro, wakaigeuza kama unavyojiona kwenye kioo, gia ikahamia mguu wa kulia, na mwaka 1948 wakaiita Bantam. Wamarekani wakaenda na ya kwao Milwaukee, Harley-Davidson ikaitoa wakati huohuo. Warusi, ambao katika jambo hili walionyesha moyo wa kujitolea kuliko wote, walichukua mitambo, michoro na Weber mwenyewe, ambaye hakurudi. Wajapani hawakuwa upande wa washindi, lakini hilo halikuwazuia kusaidia: pikipiki ya kwanza kabisa ya Yamaha, YA-1 ya mwaka 1955, iliigwa kutoka hapohapo.

Nikipima kwa mizani hiyo, marafiki zangu ni watu wa kiasi sana. Wamechukua kabureta, silinda, tochi na jeki. Mimi mwenyewe bado nipo.

Kabureta iko salama. Rafiki wa Mkwajuni aliichukua akaioshe kwa petroli ya Kinondoni, kwa maelezo kwamba ya Temeke haiaminiki, na ameiosha kweli. Imewekwa juu ya kabati la televisheni, inang'aa, na wageni wake huonyeshwa baada ya chai. Nimemuuliza itarudi lini. Akaniuliza, kwa upole wa mtu anayemjali mwenzake, kama nina mahali pa kuifunga. Kwa kweli sina, kwa sababu silinda inayoshika kabureta hiyo iko Yombo.

Inafaa nieleze ilitokaje kwenye injini, maana hapo ndipo utaona uwezo wa watu hawa. Siku ya kwanza kusudi letu lilikuwa kubadili plagi. Plagi iko juu kabisa ya injini, unaiona kwa macho, inafunguliwa kwa spana moja. Rafiki wa Yombo akasema plagi ikiwa chafu, basi silinda hedi nayo itakuwa chafu, hoja ambayo hakuna aliyeweza kuipinga. Silinda hedi ikatoka. Wa Kijichi akachungulia pistoni, akatikisa kichwa, akasema ringi zile amewahi kuona kama hizo kwenye Honda XL ya bwana mifugo mmoja Dodoma, na kwamba yule bwana mifugo aliishia kutembea kwa miguu. Silinda ikatoka. Mtu akasema tukishafika hapa ni uzembe kutokuangalia gia. Kufikia adhana ya alasiri injini ilikuwa chini, gia zimetandazwa juu ya mkeka, na taa ya mbele nayo imefumuliwa, kwa kuwa kulikuwa na mtu aliyekosa cha kufungua na hatukutaka ajisikie mgeni.

Plagi mpya ninayo mfukoni hadi leo.

Watu wasiojua hudhani kufungua na kufunga ni kazi mbili zilizo sawa. Kufungua kunataka ujasiri, na ujasiri ni wa bure. Kufunga kunataka kukumbuka. Ndiyo maana kwenye ua wangu hujawahi kutokea upungufu wa wafunguaji, na ndiyo maana siku mtu akisema "sasa tuanze kurudishia", simu huanza kuita, na mara zote ni nyumbani, na mara zote kuna mgonjwa.

Kufungua pikipiki ya Kiingereza kuna heshima yake ya pekee. Nati za Bantam hazikutengenezewa spana za milimita tulizonazo sote. Zinafuata mfumo wa bwana mmoja, Joseph Whitworth, aliyeupendekeza mwaka 1841, na spana zake zimeandikwa kwa visehemu vya inchi ambavyo havisemi upana wa kichwa cha nati bali unene wa boliti. Ukichukua spana namba 13, haiingii. Ukichukua 14, inacheza. Mtu wa kawaida hapa angesimama, akatafuta spana sahihi, akapoteza Jumamosi nzima. Rafiki wa Yombo alitoa spana malaya. Spana malaya haina kabila, inakubali nati yoyote, na inaiachia kila nati kumbukumbu. Iliposhindwa, ikaja plaizi. Plaizi iliposhindwa, ikaja tindo na nyundo. Saa saba mchana nati ilikuwa imekuwa duara kamili, bila pembe hata moja, kazi ambayo viwandani hufanywa kwa mashine ya kerezo na mtu aliyesomea. Tuliipitisha mkono kwa mkono tukiishangaa.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Vya kwetu, vikiwa vimeshika bomba moja refu la maji lililochomekwa kwenye mpini wa spana, vilivunja boliti ya silinda siku hiyohiyo. Kipande kilichobaki ndani kimetufungulia mjadala ambao bado una afya njema.

Lakini mjadala mkubwa zaidi ni ule wa vyama. Mahali popote penye Watanzania zaidi ya wanne patakuwa na vyama viwili, na mji huu umelifahamu hilo tangu Yanga ilipoanzishwa mwaka 1935 na wenzao wa Simba wakafuata mwaka uliofuata. Kwetu kuna Chama cha Asili na Chama cha Boxer. Chama cha Asili kinataka kila kipuri kitoke Uingereza, hata mpira wa kukanyagia. Mwenyekiti wake ana binamu Leicester. Binamu hutuma picha za ringi, gasketi na waya za klachi pamoja na bei zake kwa pauni, na picha hizo zinapofika ua wote hunyamaza, watu wakanywa chai kwa adabu. Chama cha Boxer kina sera fupi: Boxer ya Mhindi ni sisi 150, spea zake zinauzwa hadi kwenye maduka ya mchele, basi itiwe injini ya Boxer mambo yaishe. Ukiwaambia injini ile haienei kwenye fremu hii, wanakujibu kwamba fremu ni chuma, na chuma hukatwa.

Jumamosi moja Chama cha Boxer kilikuja na grainda. Waliichomeka dirishani, wakavaa miwani ya jua, wakaanza. Jiwe la grainda lilikuwa limeingia robo ya fremu, chini ya tangi, upande wa jogoo, wakati LUKU ilipokata. Units zilikuwa zimeisha. Hakuna aliyekuwa na salio la kununua nyingine, jambo ambalo lingeshangaza mahali penye mafundi wengi kiasi kile kama usingewajua. Basi fremu imebaki na mkato wa robo. Chama cha Asili hakikushindwa, Chama cha Boxer hakikushindwa, na mimi nina pikipiki ambayo haiwezi kubeba injini ya aina yoyote. Mabunge mengi yamekaa miaka bila kufikia mwafaka wa namna hiyo.

Nisije nikaonekana nawasifu walio na spana tu. Wapo wasiogusa kitu, na wale ndio nguzo. Yupo anayeshika tochi ya simu, ambaye humulika uso wa anayezungumza badala ya mahali panapofanyiwa kazi, na kwa hiyo tumefahamiana sana. Yupo kijana wa Mwananyamala anayetazama video za wazee wa Kiingereza wakitengeneza Bantam kwenye gereji zao safi. Hutumia bando langu, na video ikifika pale mzee anapoeleza jinsi ya kufunga, huiruka ili kuokoa MB. Na yupo mzee wetu mmoja, tunamwamkia shikamoo, aliyeendesha Vespa Unguja ujana wake, ambaye hufika saa nne asubuhi, huchagua kiti chenye mgongo, na kwa siku nzima hutoa neno moja tu: "Nilisema." Hakuna anayekumbuka alisema nini. Lakini boliti ikivunjika na yeye akalitamka lile neno, unapata amani kujua kwamba jambo lile lilikuwa kwenye mpango.

Viti, tukiwa hapo, ni tatizo. Nitarudi huko.

Mke wangu wanamwita shemeji, naye huwaita mashemeji, na uhusiano huo umestahimili mengi. Beseni la kufulia sasa ni la kuoshea gia kwa mafuta ya taa. Sufuria ya ubwabwa, ile kubwa ya shughuli, ilitumika kuchemshia sehemu fulani ya silensa iliyoziba masizi, kwa ushauri wa mtu aliyesema magadi huondoa yote. Yaliondoa hadi chini ya sufuria. Kila Jumamosi hutoka na birika la chai, huwasalimia mmoja mmoja, kisha huuliza kwa sauti ya kawaida kabisa: "Mashemeji, leo mnafunga au mnafungua?" Nao hujibu kwa pamoja: "Leo tunaangalia tu, shemeji." Hapo ndipo nati nyingine hutoka.

Wapo wanaonishauri niipeleke kwa mafundi wa Gerezani, Kariakoo. Nawashukuru, ila hawajalifikiria jambo hili vizuri. Fundi wa Gerezani nimemwona. Anakaa kwenye kibanda cha mabati katikati ya vyuma, mikono myeusi hadi viwiko, hana video, hana chama. Unampelekea boliti iliyokatikia ndani; anaitazama, anachomelea nati juu ya kile kipande kilichobaki, anasubiri kipoe kidogo, anakizungusha kinatoka, anataja bei. Ringi zisizopatikana atakutafutia za injini nyingine zenye kipenyo hicho, azisugue kwa msasa zikae. Kama mwili mzima umechoka atakuelekeza kwa mwenye mashine ya kerezo hapo jirani, naye atakuchongea bushi wakati wewe unakula muhogo. Huko ndiko magari ambayo wenye viwanda walishayazika huko Ulaya na Japani yanakofufuliwa kila siku ya kazi, na hakuna anayepiga makofi.

Fundi huyo ana kasoro moja, nayo ni kubwa. Anamaliza.

Akishamaliza mnaagana. Haji Jumamosi inayofuata. Haulizi hali ya mama mkwe. Hajui mtoto wako wa pili amefaulu au la. Umemlipa mara moja, na kwa kiasi ambacho hakifiki nusu ya chai, chapati na maharage ninayowalisha marafiki kwa msimu mmoja, na mara hiyo moja ikishapita nyote wawili mnakuwa watu wasiojuana, mmoja wao akiwa na pikipiki inayotembea. Huo ni ukiwa, na kuulipia ni kuongeza ukiwa juu ya ukiwa.

Hata hivyo tulikwenda Gerezani, kununua gasketi. Gasketi ni kipande chembamba cha karatasi ngumu, unaweza kukitia kwenye bahasha. Tulikwenda wote. Nauli ya daladala hadi Kariakoo nililipa mimi, kwa kuwa gasketi ilikuwa yangu. Tulirudi jioni na kioo cha pembeni cha TVS, honi ya lori, stika mbili za Simba, moja ya Yanga kwa ajili ya haki, na supu ya pweza tumboni. Gasketi ilisahaulika, lakini ile honi, ikiunganishwa kwenye betri ya gari la jirani, hulia vizuri mno, na yule mzee alipoisikia alisema alichosema.

Wakati mmoja tulikaribia hatari. Jirani yangu ana kijana aliyesomea ufundi wa magari VETA, pale Chang'ombe. Kijana ana adabu; alikuja, akatuamkia wote, akauliza kama tuna kitabu cha maelekezo cha pikipiki hii, na akakaa chini kwenye mkeka. Akapanga boliti kwenye makopo matupu ya maziwa ya unga, akayaandika kwa kalamu ya wino: silinda, klachi, gia, magneto. Alipiga picha kila kitu kabla ya kukigusa. Saa sita mchana alikuwa amerudishia sanduku la gia, likazunguka kwa mkono, likaingia gia zote tatu. Ua ulikuwa kimya. Watu walitazamana. Rafiki wa Kijichi, ambaye ni mtu wa busara, akainuka taratibu, akamsifu kijana, akamtuma dukani akalete soda, na alipotoka akamimina makopo yote kwenye beseni moja la mafuta ya taa ili boliti zipate kuoshwa. Sanduku la gia lilifunguliwa tena ili kuhakikisha kwamba kijana hakukosea. Hakuwa amekosea, tukampongeza aliporudi. Hajafika tena. Nasikia ameajiriwa, na sote tunafurahi kwamba msaada wetu ulimfaa.

Hatari nyingine hutokana na mvua. Msimu wa masika, Mto Msimbazi ukifurika na maji yakaijaza barabara pale Jangwani, wenzetu wa upande wa Kinondoni hupata taabu kuvuka, na tukabaki nusu ya baraza. Siku hizo kazi husonga mbele kwa kasi ya kutisha. Masika moja tulifikia hatua ya kuvisha tairi la mbele na kulitia upepo. Mungu ni mwema, jua likatoka, maji yakashuka, wa Mkwajuni akafika na kueleza kwamba tairi lilikuwa limevishwa upande usio wake, na likavuliwa. Siku za Simba na Yanga nazo zina utaratibu wake. Uwanja wa Mkapa uko hapahapa Temeke, kwa hiyo marafiki hufika mapema, hupaki kwangu, hufungua kitu kidogo cha kufungulia siku, na saa nane huondoka kwa miguu wakiwa wamevaa jezi na grisi. Wakirudi, nusu yao hawazungumzi na nusu nyingine. Chochote kilichofunguliwa asubuhi ile hubaki kilivyo, kwa kuwa aliyejua kilivyokuwa yuko upande uliofungwa.

Na mara moja, si uongo, injini ilikaribia kuwaka. Wa umeme wetu, fundi wa majokofu huko Mwananyamala, alikuwa ameshika magneto mkononi, amefunga plagi kwa waya, anaizungusha tu kupoteza wakati. Cheche ikaruka. Ya buluu, nene, yenye mlio. Watu walisimama. Mzee wa Vespa alivua kofia. Hiki ni kitu kilichopigwa kiki mara ya mwisho na babu yangu, pengine kabla ya Azimio la Arusha, na sasa kilikuwa kinatoa moto kwenye ua wa Temeke mbele ya mashahidi. Tulishangilia hadi majirani wakachungulia ukutani. Kisha baraza likakaa, na kwa kauli moja, vyama vyote viwili vikikubaliana kwa mara ya kwanza, ikaamuliwa magneto ifunguliwe ili ijulikane imewezaje.

Mtu pekee ambaye hajawahi kutusaidia ni mnunuzi wa vyuma chakavu. Hupita na mkokoteni wake na mizani ya kuning'iniza, hupiga chuma kwa chuma mtaani ili tujue yupo, na akifika getini kwetu husimama. Haingii, hatoi ushauri, hana binamu popote. Huuliza bei, tunamfukuza. Nilichokiona ni kwamba bei yake hupanda. Mwanzoni alikuwa akitaja bei ya fremu peke yake, maana vingine vilikuwa vimefungana, navyo hakuvijua. Sasa kila kitu kiko nje, kimeoshwa, kimetenganishwa, chuma huku, aluminiamu huku, shaba ya waya huku, kazi ambayo yeye angelazimika kuifanya mwenyewe kwa nyundo juani. Marafiki zangu wameiongezea mali ya babu thamani kwa kilo, na hawajadai hata asilimia.

Habari njema ni kwamba hata huko ilikozaliwa mambo yanafanana. Kiwanda cha BSA kilichoiunda Bantam hadi mwaka 1971 kilikufa muda mfupi baadaye, jina likazunguka mikononi mwa watu, na mwaka 2016 likanunuliwa na kampuni iliyo chini ya Mahindra ya India. Chama cha Boxer kilipopata taarifa hizi kilifanya sherehe. Ikiwa BSA yenyewe ni ya Mhindi, walisema, basi kutia injini ya Boxer ndio uasili wenyewe. Chama cha Asili kimeomba muda wa kutafakari, na mwenyekiti amemwandikia binamu Leicester.

Ninachoweza kuomba sasa ni viti. Vilivyopo ni vitano vya plastiki, kimoja kina mguu uliofungwa kwa mpira wa tyubu, na benchi ambalo kwa sasa limebeba klachi. Jumamosi ijayo kuna mgeni kutoka Mbagala anayefahamu mtu mwenye injini ya Vespa, na wa Kijichi anakuja na shemeji yake ambaye amewahi kuona Bantam ikifunguliwa Nairobi. Kama unaye ndugu mwenye spana za Whitworth, tafadhali mwache nyumbani. Tumeshazoea bila hizo. Kama wewe mwenyewe una nafasi, shuka Temeke Mwisho, uliza nyumba yenye honi ya lori. Chai ipo kuanzia saa nne. Njoo na kiti.